Siku Koti Lilipomtosha

Igor Nkusi, mpokezi katika nyumba moja ya kulala wageni karibu na ufuo wa Gisenyi, alikuwa na maneno mengi na mazuri, lakini neno moja hakulitamka kamwe, nalo ni "kubwa". Mgeni akitaka chumba kikubwa, Igor alimjibu kuwa chumba chenye nafasi kipo. Mvua kubwa kwake ilikuwa mvua nzito, na samaki mkubwa alikuwa samaki wa kutosha watu watatu. Barabara kuu aliivumilia, maana kuu si kubwa. Zaidi ya hayo, suruali yake ilishikwa na mkanda, na juu ya mkanda zikapita kanda mbili mabegani, kana kwamba mkanda peke yake haukuwa na uaminifu.

Wageni waliotoka mbali walidhani ni unadhifu. Wenyeji walijua sababu, na hakuna mwenyeji aliyepita mapokezi bila kuinama kidogo, kutazama kiuno cha Igor na kutabasamu.

Sababu yenyewe ilianza alipokuwa na umri wa miaka minane. Mwaka huo alifika mjini mtu mmoja aitwaye Derek, mwongozaji wa vichekesho, aliyerejea kutoka Nairobi na kamera mbili na nia ya kuwachekesha watu wa pande zote mbili za mpaka. Alitunga mchezo wa televisheni kuhusu mwanamke mfanyabiashara na askari wa forodha, na ndani yake akaweka mtoto aitwaye Patron, yaani bosi, ambaye kila juma huvaa koti la baba yake ili avuke mpaka kwenda Goma kama mtu mzima; sehemu hiyo akampa Igor. Askari humzuia na kumwuliza, "We iko nani?" Patron huvuta pumzi, hutanua kifua, na hujibu, "Mi iko mukubwa!" Hapo suruali inaanguka.

Basi. Mchezo wote ulikuwa huo.

Mama yake Igor, Laurence, alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Karagwe katika Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia zamani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mshono wake, na siku ya kwanza ya mazoezi alisimama kati ya kamera na mwanawe.

"Hapana, bwana. Mwanangu hasemi hivyo. Husemwa 'mimi ni mkubwa'. Hiyo 'iko' ni ya nini? Iko wapi?"

"Mama Igor," Derek akamjibu kwa upole, "akisema ulivyomfundisha wewe, watu watadhani ni taarifa ya habari."

Watu wa kamera wakacheka. Laurence akaondoka mbele ya kamera, na mwanawe akajifunza siku hiyo kwamba kicheko humshinda hata mwenye haki.

Tusimwonee huruma mapema, kwa sababu alipenda. Wapagazi wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani, walimwona akipita na mama yake, wakaweka mizigo chini ili wacheke vizuri. Goma alibebwa mabegani. Wauza soda walimfungulia chupa kabla hajaomba, na wanawake wenye vikapu vya nyanya walimwita, "Patron, sema kidogo!" Naye alisema. Hakuwahi kukataa, na hakuwahi kuona mtu akichoka.

Lakini mtoto hukua, na koti halikui. Derek aliliona hilo mapema kuliko mtu yeyote. Kila mwanzo wa mwaka alimpelekea Laurence koti lile lile aongeze kitambaa mikononi na upindoni, ili mwanawe aendelee kuwa mdogo ndani yake. Laurence aliongeza. Alikata mapazia, akakata sketi yake ya kanisani, akatia rangi ili vipande visionekane. Sauti ya Igor ilipoanza kukwaruza, Derek akamwagiza aseme kwa kubana koo. Ndevu za kwanza zilipochungulia, akanyolewa kabla ya chai.

Alipokuwa na miaka kumi na minne, wakimpiga picha njia ya Rugerero, Igor alivaa koti akanyoosha mikono, na vidole vyake vyote kumi vikatokeza. Derek akalizunguka koti kama mnunuzi wa ng'ombe. Mabega yalikaa sawasawa. Upindo ulikaa sawasawa. Mama mtu alikuwa amekosa kitambaa cha kuongeza.

"Umeniangusha, Patron," Derek akasema mbele ya watu wote. "Nilikuambia nini? Si nilikuambia usirefuke?"

Wakacheka. Igor naye akacheka, akidhani ni utani, na alikuwa bado anacheka walipoanza kukunja nyaya. Siku koti lilipomtosha, kazi ilikwisha.

Mtu aliyeanza kazi akiwa mtoto huzeeka mara mbili: mara ya kwanza machoni pa waliomwajiri, mara ya pili machoni pake mwenyewe, na kati ya hizo mbili kuna miaka mingi ambayo hakuna anayejua amweke wapi. Igor aliomba nafasi katika mchezo wa redio, akapewa sehemu ya mwana anayelilia baba yake aliyekufa maji. Alilia vizuri mno. Wasikilizaji wakapiga simu kutoka Goma na Gisenyi kusema kwamba hawajacheka hivyo tangu mwaka uliopita, na kuuliza suruali itaanguka lini. Mtayarishaji akamshukuru, akamuua mwana yule katika sehemu ya pili.

Kisha Laurence akafariki. Akazikwa Nyundo, na ikawa juu ya Igor, mwana pekee, kusema neno la mwisho. Alisimama mbele ya kaburi akasema kwa Kiswahili cha mama yake, kwa sababu wajomba walikuwa wametoka Karagwe, "Mama yangu ameacha pengo..." Alitafuta kivumishi, na lugha nzima ilikuwa nacho kimoja tu kinachofaa mahali pale. Alisimama mdomo wazi. Ndipo mtu wa safu ya nyuma akamnong'oneza jirani yake:

"Anaogopa suruali."

Kicheko cha makaburini ni kibaya kwa sababu huzuiwa. Kilipita safu kwa safu kama chafya, mabega yakitikisika, leso zikipanda midomoni. Padri alidhani wanalia, akawaombea faraja.

Tangu siku hiyo Igor alivaa kanda za mabegani, na neno lile akaliacha kaburini.

Sasa, Kirezi. Familia yake ilikuwa imehamia Rugerero ikitoka Mbarara, Uganda, baba yake Karangwa alipostaafu jeshini na kununua nyumba yenye ua mpana. Kirezi aliuza katika duka la dawa mjini. Alizungumza Kinyarwanda na Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabia vidonge tu. Mchezo wa Derek haukuwahi kufika Mbarara. Siku aliyoingia mapokezi kuulizia njia, alimtazama Igor usoni, akasema ahsante, akatoka. Igor akabaki ameshika kalamu. Katika mji ule wote, alikuwa mtu wa kwanza kumtazama uso bila kwanza kushuka kiunoni.

Walipokwisha kuzoeana alimweleza kwa kifupi kwamba utotoni aliigiza vichekesho, akamsihi asivitafute.

"Sitavitafuta," Kirezi akasema. "Mimi nimekukuta mtu mzima. Huyo mtoto hanihusu."

Wakitembea pamoja jioni, wenye pikipiki walipunguza mwendo na kupaaza sauti, "Patron! Shika suruali!"

"Wanasema nini?"

"Wananisalimia."

"Watu wa hapa wana adabu," Kirezi akasema, akawapungia mkono. Wenye pikipiki nusura waanguke.

Igor alipokwenda kwa Karangwa kujieleza kabla ya posa, mzee alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu aliyezoea kukagua buti.

"Kijana, sikukatai," akasema. "Hunywi, una kazi, binti yangu anakutaka. Lakini nimeamuru watu maisha yangu yote, na kuna jambo moja nalijua. Afisa akichekwa na askari wake mara moja, hata kama ni mara moja tu, hatasikilizwa tena. Mji huu unakucheka. Nimeuliza, nimeambiwa. Sasa mke naye akimcheka mumewe?"

"Kirezi hanicheki, mzee."

"Una hakika?"

"Nina hakika kuliko jina langu."

"Basi tuahidiane kiume. Siku ya posa hema lote licheke, mimi sitajali, watu hawana kazi. Lakini nikimsikia yeye anakucheka, mtarudi mlikotoka. Sitamtoa binti yangu kwa mwanamume ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumshusha cheo."

Igor alikubali kwa furaha isiyo na kiasi. Alirudi mjini kwa miguu, akitabasamu peke yake, kwa maana kati ya masharti yote ambayo mkwe angeweza kumwekea, amewekewa lile moja ambalo hawezi kushindwa.

Kwa msemaji wa upande wake alimtafuta mzee Niyonzima wa Nyundo, katekista mstaafu aliyeposea nusu ya wilaya. Msomaji asiyeijua desturi ya gusaba aelewe hivi: siku ya posa bwana harusi hasemi. Wasemaji wawili, mmoja wa kila upande, hukaa wakikabiliana chini ya hema na kupambana kwa maneno. Wa upande wa binti hukataa. Husema binti hayupo, amekwisha kuposwa, wageni wamepotea njia. Wa upande wa mwana hubembeleza, hucheza na maneno, na msemaji hodari ni yule anayelichukua neno la mpinzani wake lile lile na kumrudishia. Hukataliwa hata mara tatu, na kila mara watu hupiga makofi, kwa sababu kila mtu anajua mwisho wake ni ndiyo.

"Neno lile lisitajwe, mzee," Igor alimsihi.

"Nitalizunguka kama shimo la barabarani," Niyonzima akamjibu. "Tena tutasema Kinyarwanda. Hofu yako ni ya nini?"

Siku ikafika. Ua wa Karangwa ulijaa viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Katikati ulikaa mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, tayari kwa mnywo wa pamoja utakaofuata kibali. Upande wa kuume waliketi wenyeji, wengi wao askari wastaafu na wake zao. Upande wa kushoto wageni wa mwana, na nyuma yao marafiki na majirani waliovuka kutoka Goma. Igor alikuwa amejitanda shuka la sherehe begani, fimbo mkononi, mgongo umenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi hakuvaa kanda za mabegani, kwani shuka halikuziruhusu. Kirezi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la dirisha, akisubiri kuitwa.

Msemaji wa upande wa binti, Hakizimana, alikuwa rafiki wa Karangwa wa jeshini, mnene na mchangamfu, aliyekulia Uganda kama wao na hakujua lolote la Patron. Alimkataa Niyonzima kwa ufundi. Niyonzima akambembeleza kwa ufundi zaidi. Wazee wakaguna kwa raha. Igor alianza kupumua.

Ndipo Hakizimana, mtu muungwana, akawaona wageni wa Goma wametulia mno.

"Jamani," akasema, "tuache Kinyarwanda kidogo. Wageni wetu wa Goma wasikae hapa kama viti." Akageukia Kiswahili cha kambini, kile alichokijua. "Bon! Munataka binti yetu. Sawa. Lakini huyu mutu wenu, mi namuona kwa mbali tu. Iko mukubwa, ao iko mutoto?"

Wageni wa Goma waliacha kutafuna. Hakizimana alitazama huku na huku, akifurahi kwamba swali lake limewakamata watu namna ile.

Igor alimtazama Niyonzima. Mzee alikuwa na majibu mengi, na ameapa. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kazi moja tangu ujana: kulichukua neno la mpinzani lile lile na kumrudishia. Ulimi ulitangulia, akili ikafuata nyuma ikichechemea.

"Iko mukubwa!" akajibu kwa sauti ya ushindi.

Upande wa kushoto ulilipuka. Hilo lenyewe Karangwa alikwisha kulisamehe. Hema licheke, alisema. Lakini mwili una kumbukumbu yake, nao haushauriani na mtu. Miaka sita mfululizo Igor alikuwa amelisikia neno lile na mara hiyo hiyo suruali ikateremka, na sasa, mbele ya watu mia mbili, fimbo ikamwanguka na mikono yake miwili ikaruka yenyewe kukamata kiuno.

Hakuna kilichoanguka. Alisimama tu pale, amejikamata, macho yamemtoka, mtu mzima wa miaka ishirini na minane.

Na nyuma ya pazia kikatoka kicheko kimoja. Kilikuwa cha juu, cha ghafla, kisicho na pumzi, kama cha mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Igor alikuwa amekisikia kicheko kile kwa wapagazi, kwa wauza nyanya, kwa Goma nzima. Kwa Kirezi hakuwahi. Pazia lilitikisika. Kicheko kikajaribu kunyamaza, kikashindwa, kikapanda tena.

Karangwa aliinuka.

"Hatutoi binti," akasema.

Watu wakapiga makofi. Niyonzima, ambaye shati lilikwisha kulowa jasho, aliona amepata mlango wa kurudi katika mchezo, akainama kwa madaha. "Tumesikia, wazazi wetu. Lakini mlango mwema hufunguliwa kwa kubisha mara ya pili..."

"Nimesema hatutoi. Ondoeni mtungi."

Makofi yakazidi. Vijana wawili wakaubeba mtungi na mirija yake, wakaingia nao ndani.

"Huyu mzee!" akapaaza mwanamke mmoja wa Goma, akijifuta machozi. "Iko anacheza muzuri kupita Patron mwenyewe!"

Katika hema lote ni watu wawili tu waliojua kwamba mchezo umekwisha, mmoja amesimama na mwingine amejishika kiuno. Igor alijilazimisha kuiachia nguo yake. Akapiga hatua mbele kusema, jambo ambalo desturi haimruhusu bwana harusi, na akasema kwa Kiswahili cha Laurence, kilichonyooka, "Wazazi wangu, nawaomba mnisikilize."

"Suruali!" mtu akaitikia kutoka nyuma.

Walicheka hadi wenyeji walipoanza kuvua vitambaa kwenye viti, na hata hapo walikuwapo waliosema kwamba Igor Nkusi amewaletea posa ya aina mpya, na kwamba kipaji hakizeeki.

Kirezi alikuja siku ya tatu. Walikutana ufuoni, penye ukuta wa mawe, maji yakiwa yametulia. Alikuwa amelia, na alikuja na maneno aliyoyapanga.

"Baba nitamshinda," akasema. "Nikimwambia nahama nyumbani, atalegea. Nimekuja kukuambia hivyo."

"Nani alikuonyesha?"

Akainamisha kichwa. "Binamu zangu. Asubuhi ile, nikisukwa. Walikuwa na ule mchezo kwenye simu. Sikutafuta, Igor. Waliniwekea mbele ya macho."

"Ukacheka."

"Wakati ule sikucheka! Nilisikitika. Katoto kadogo vile, koti refu vile." Akamwinulia macho. "Nilicheka uliposhika kiuno. Nisamehe. Ilitoka yenyewe."

"Najua inavyotoka yenyewe."

"Basi tusahau. Mimi nakutaka wewe, huyo mtoto hanihusu, nilikuambia zamani."

Alimaanisha kila neno, na Igor aliliona hilo. Kitu kikawa chepesi ndani yake. Alisogea ukutani ili amketishe karibu yake, na katika kusogea, bila kufikiri, akauvuta mkanda wake juu kidogo, kama mtu yeyote avutavyo mkanda kabla ya kuketi.

Mdomo wa Kirezi ukatetemeka.

Aliuuma. Akageuza macho ziwani, akahesabu mawimbi yasiyokuwapo, akashika pua. Mabega yalianza kutikisika, yale yale mabega ya Nyundo, safu ya nyuma. "Subiri," akasema kwa sauti iliyobanwa. "Subiri kidogo. Itapita."

Igor alisubiri. Aliona mbele yao chakula cha jioni, na mdomo huo. Ubatizo wa watoto, na mdomo huo. Ugonjwa, madeni, msiba, na upande wa pili wa kitanda mdomo huo ukiumwa ili usifunguke. Mzee Karangwa hakuwa mtu mbaya. Alijua buti tu, lakini buti alizijua.

"Usijizuie," akamwambia. "Inaumiza mbavu."

Kirezi alitikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakimtoka.

Basi akamsaidia. Alisimama mbele yake, akavuta pumzi, akatanua kifua, akabana koo lake kama Derek alivyomfundisha, na neno ambalo hakuweza kulitamka hata kwenye kaburi la mama yake, akalitamka.

"Mi iko mukubwa!"

Na kwa mikono yake mwenyewe akafungua mkanda.

Kirezi alicheka. Alicheka hadi akashikilia ukuta, hadi akakaa chini ya ukuta, hadi akawa hana sauti, akipunga mkono kumwomba aache. Wapita njia walisimama, wakamtambua mchekeshaji, wakacheka nao. Igor aliwangoja wote. Mchekeshaji aliyefundwa hakikatizi kicheko; hukiacha kifike mwisho wake. Kilipofika, akapandisha suruali, akafunga mkanda, akainama kidogo kama alivyoinama zamani mbele ya kamera, na akapanda barabara kuelekea zamu yake.

Kabla hajafika kona, alikisikia kikianza tena.